Bibi Stesheni Anamfuata Mume Wangu

Isengelo, Jumatano, 3 Desemba

Lusia amenichoka. Jana kaniambia kwenye simu, "Mama, badala ya kunipigia kila jioni kulalamika, nunua daftari uandike." Yeye ni mwalimu kule Kihesa, amezoea kuwapa watu kazi. Basi nimenunua. Lalamiko la kwanza: mvua imenyesha tangu asubuhi, treni ya kwenda Mbeya imechelewa, na wali wangu umepoa ndani ya beseni nikiutazama.

La pili: steshenimasta wetu amehamishwa, tumeletewa binti. Anaitwa Nusrat, mtu wa Mbeya mjini, kaja na begi moja na mwamvuli wa maua, na akina mama wameshamwita Bibi Stesheni. Hapa kwetu kila siku ya treni mama mmoja kwa zamu hupeleka sahani ya chakula ofisini kwa steshenimasta. Ndiyo desturi tangu enzi za mama mkwe. Leo zamu ilikuwa yangu. Binti akapokea kwa mikono miwili, akala, akashukuru vizuri tu, kisha akauliza, "Mama, hivi mzee Kalinga ana miaka mingapi?"

Mzee Kalinga ni Anania, mume wangu. Nikamjibu kwamba anastaafu mwezi wa sita. Nimerudi nyumbani najiuliza miaka ya mume wangu inamhusu nini.

Jumamosi, 6 Desemba

Lusia anasema mtu akiandika aeleze, asidhani kila msomaji anamjua. Haya, naeleza. Anania ni mkagua njia ya reli. Kila alfajiri anachukua nyundo ya mpini mrefu aliyoachiwa na baba yake, anatembea juu ya mataruma yanayobeba reli kuelekea upande wa Makambako hadi kalavati la kijito cha Lyangwe, anagonga bolti, anaangalia kokoto, anarudi. Akifika anagonga kengele mara mbili, maana yake njia salama. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mlingoti mbele ya stesheni. Siku za treni tukisikia zile mbili, sisi akina mama tunaouza wali madirishani mwa treni tunajua ni wakati wa kubandika sufuria. Ikigongwa mfululizo bila kupumzika, njia imeharibika na treni isije. Hiyo nimeisikia mara moja tu maishani, mwaka wa zile mvua kubwa, Lusia akiwa mgongoni.

Hofu yangu ni masika. Kiangazi hata mbuzi angeikagua njia hii, lakini masika maji yanakula tuta usiku kucha. Anania akivuka masika haya salama atakuwa amemaliza kazi kwa heshima. Ndiyo sala yangu ya mwaka huu, sina nyingine.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua. Misa hakuna, padri kakwama na pikipiki yake.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimevaa kanga mpya ya zambarau aliyonitumia Lusia. Nikasimama mbele ya Anania nikamwambia asome maandishi. Akatazama, akasema, "Maneno mazuri sana, mama Lusia." Nikamuuliza maneno gani. Akasema kuku anaungua, nikatazame jikoni. Kuku alikuwa bado hajapikwa.

Miaka thelathini na kitu ya ndoa na mtu hasomi hata kanga ya mkewe! Nimenuna mpaka jioni.

Jumatano, 7 Januari

Anania kaisalimia kanga iliyoanikwa kambani. "Kamwene, mama," kwa adabu kabisa, na kofia kavua. Batuli, jirani yangu anayeuza samaki wa kukaanga, kacheka hadi akakaa chini. Anania naye kacheka, akasema alikuwa anatutania. Mume wangu hana kawaida ya kutania asubuhi.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua siku nzima, hakuna aliyetoka. Nilipopeleka chai stesheni nilimkuta Anania ameketi benchi la abiria na yule binti, anamsimulia habari za stesheni na reli. Anasimulia kama mtu aliyelipiwa nauli! Jinsi baba yake alivyotoka Kalenga akiwa kijana, akaja kuchimba tuta pamoja na Wachina, hawaelewani hata neno moja, wanaonyeshana kwa vidole, ila jioni wanakula sufuria moja. Jinsi mzee alivyokataa kurudi kwao kazi ilipokwisha, akasema, "Nimeiweka mwenyewe hii, nani ataitunza?" Jinsi zamani dirisha la tiketi lilivyokuwa na foleni mpaka kwenye mlingoti, na watu wa Usangu wakija na magunia ya mpunga siku moja kabla, wakilala hapa hapa sakafuni na watoto wao. Sasa treni ya abiria ni Jumatano tu kwenda Mbeya na Jumamosi tu kurudi, ya Jumatatu haipo tena. Chumba cha abiria wamelala popo.

Binti anasikiliza kashika shavu. Anauliza, "Na kalavati la Lyangwe, baba, lilijengwa mwaka gani? Limewahi kuchukuliwa na maji?"

Hadithi hizo nilisimuliwa mimi nikiwa mchumba. Nilidhani ni zangu.

Jumamosi, 17 Januari

Batuli amekuja kuomba kitunguu. Alikuwa na kitunguu chake mkononi.

"Shoga," anasema, "mimi sisemi kitu."

"Usiseme basi."

"Ila Bibi Stesheni kila alfajiri mumeo akishatoka, naye anatoka. Na mwamvuli wake. Anashika njia ile ile. Mimi naona, naamka kusali."

"Labda anakwenda chooni."

"Choo kiko huku, mama Lusia. Yeye anakwenda kule."

Nimemfukuza na vitunguu vyake. Kisha nimekaa kitandani nikamwangalia Anania alivyolala, kinywa wazi, soksi moja nyeusi na nyingine ya kijani. Nikasema moyoni, huyu? Lakini moyo haukutulia. Wanawake wa mjini wana mambo yao.

Alhamisi, 5 Februari

Nimewafuata.

Nilijifunga shuka nikatoka kwa mlango wa nyuma. Umande ulikuwa mwingi na ukungu umeshuka. Mbele kabisa nasikia nyundo ya Anania, ko, ko, ko. Katikati naona mwamvuli. Kati yao kulikuwa na mwendo wa uwanja mzima wa mpira. Hamwiti. Anania akisimama, binti anasimama. Anania akiendelea, binti anainama pale pale alipoinama mwenzake, anagusa, anapapasa kokoto, anachungulia chini ya reli, ndipo anasogea.

Sikuelewa nilichokiona. Mahawara gani hawa wasiosemezana? Nikashindwa kuvumilia, nikamvamia pale kwenye kona.

"Mwanangu, unamfuata mume wangu kwa nini?"

Akashtuka hadi mwamvuli ukamtoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

 Nikaona kuna neno linamjia mdomoni, akalimeza. "Ni kazi, mama," akasema. "Wakati ukifika, nitakuambia."

Jibu gani hilo? Nimerudi nimelowa mpaka magotini na hasira zangu nzima nzima.

Jumatano, 11 Februari

Zamu yangu ya sahani. Sijapeleka. Nikaona kwa mbali binti ametoka mlangoni, ametazama upande wa jiko langu, akarudi ndani. Batuli kanisema, eti desturi ya stesheni hii haijawahi kukatika, hata mwaka wa njaa. Nikamwambia aliyekuja na kitunguu ndiye ampelekee.

Ijumaa, 20 Februari

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja. Batuli anafunga, mimi nafunga kwangu, sote tunawapikia watu na kumeza mate. Yule binti naye anafunga na bado anatembea ile njia yote kwenda na kurudi, mvua inampiga. Nimeliona hilo. Sisemi kwamba nimemsamehe.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, 11 Machi

Leo lazima niandike yote.

Usiku kucha ilinyesha ile mvua ya kuezua mapaa. Alfajiri ikapungua, Anania akavaa koti akatoka. Nilimwomba asubiri kupambazuke vizuri, akasema treni ya abiria haimsubiri yeye. Baada ya kitambo nikaona mwamvuli unapita. Leo sikuwa nimepanga kufuata mtu. Sijui niseme nini, miguu ilitoka yenyewe. Nilitaka kumkuta binti, nimuulize kwa mara ya mwisho, na asiponijibu nimweleze ninavyomfikiria.

Njiani nikapishana na Anania anarudi. Alipita karibu yangu kabisa, mimi nimesimama kando ya tuta kwenye majani, yeye juu ya mataruma. Hakuniona. Nilidhani ananikasirikia. Nikamwita kwa sauti ndogo, akageuka upande ambao sikuwepo, akasema, "Nani?" Hata hapo sikuelewa.  Akaenda zake.

Nikakimbia mpaka Lyangwe. Nusrat alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, kashika jiwe la kalavati, mwamvuli umeshachukuliwa na maji, bendera nyekundu kaifunga shingoni. Aliponiona hakushangaa, akapiga kelele, "Mama, angalia chini ya reli!"

Nikaangalia. Kwa juu reli zimelala vizuri, mataruma yapo, bolti zipo. Chini yake hakuna kitu. Tuta limeliwa lote upande wa kijito, njia inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Na Anania amepita juu yake, kwenda na kurudi, anagonga nyundo.

"Baba haoni," binti akasema huku anapanda ukingoni kwa magoti. "Haoni, mama, tangu nimekuja haoni. Simu haina mtandao. Treni imeshatoka stesheni ya nyuma. Mimi nakwenda mbele na bendera, wewe rudi ukagonge kengele, usiache kugonga, na kwa simu ya ofisini ziarifiwe stesheni zote za njiani. Nenda!"

Nimekimbia. Mimi, mwili huu, kwenye matope, viatu nimeviacha huko. Nikiwa nusu ya njia nikasikia kengele, mara mbili, safi, polepole. Njia salama. Nililia kwa sauti huku nakimbia.

Nilipofika nikamnyang'anya Anania nyundo, nikagonga. Nikagonga mfululizo kama alivyogonga baba mkwe mwaka ule. Na akina mama wa Isengelo wakafanya nini? Wakatoka mbio na mabeseni vichwani! Vijana hawa hawajawahi kuusikia mlio huo, wakadhani treni imewahi. Wengine wali haujaiva, wanakuja nao hivyo hivyo. Batuli pekee ndiye aliyesimama mlangoni kwake na mikono kichwani.

"Nani anagonga?" Anania akawa anasema. "Mama Lusia, unafanya nini? Njia salama, mimi nimetoka huko sasa hivi."

Watu wote wanatutazama. Nilitamani ardhi inimeze nisiseme. Nikasema.

"Baba Lusia, Lyangwe pamebomoka. Umepita juu yake. Hukuona."

 Mvua inamtiririka usoni. Kisha akasema taratibu, "Kuna mlio sikuupenda pale. Nikajiambia ni mvua."

Hakusema jingine. Aliingia ofisini, akashika simu, akawapigia mstari mzima, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Lakini treni ilikuwa katikati ya pori, simu haikuifikia, ikabaki tumtegemee yule binti na bendera yake. Tukasimama jukwaani wote, na mabeseni.  Kisha ikaja honi kutoka mbali, moja ndefu, halafu hatukusikia kitu tena. Hatukusikia kishindo.

Anania akakaa chini sakafuni. "Imesimama," akasema. "Hiyo ni honi ya kusimama."

Nimewahi kujifungua, nimewahi kupona homa kali, sijawahi kupata pumzi kama ile. Nilicheka na kulia pamoja, Batuli kanishika kiuno.

Kisha, kwa kuwa sisi ni watu wa Isengelo, tukapanga mstari na mabeseni yetu tukatembea mpaka Lyangwe, tukavuka kijito kwa daraja la miti la wachunga ng'ombe, tukawalisha abiria porini. Wengine walikuwa bado hawajui kilichowasimamisha, wanalalamika kuchelewa Mbeya. Nikamkuta Nusrat ameegemea kichwa cha treni, bendera nyekundu imemganda mkononi, dereva kamvisha koti lake. Nilikuwa na sahani ya wali. Nikakumbuka amefunga.

"Nitakuletea jioni," nikamwambia. Ndilo neno pekee nililoweza.

Alhamisi, 12 Machi

Jana magharibi nilimpelekea futari: uji wa pilipili manga, magimbi, tambi alizopika Batuli. Akala kidogo, kisha akaanza kusema mwenyewe.

"Nilijua wiki ya kwanza, mama. Alinipa bendera ya kijani akaniambia shika hii nyekundu."

"Kwa nini hukusema?"

"Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Walimpumzisha kwa ajili ya macho, akakaa barazani, hakucheka tena. Nikasema huyu amalize, nitakuwa macho yake mpaka mwezi wa sita." Akafuta uso na ncha ya hijabu. "Nimekosea, mama. Leo ningeamka na homa, wale watu wangekufa. Huruma yangu ingewaua."

Ni kweli. Lakini nilimshika mkono, na mkono huo nimeutukana mwezi mzima.

Nyumbani Anania naye akasema yote. Jicho la kushoto tangu mwaka juzi, la kulia tangu mavuno. Ukungu ambao haupandi. Alikuwa anajua njia kwa miguu na nyundo, akadhani itatosha kuvuka masika. "Niliona aibu," akasema. Nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka, kisha nikamkanda miguu.

Jumamosi, 14 Machi

Mkaguzi mkuu, Bwana Sedekia, amekuja kwa kiberenge cha reli na mafundi wa kujaza tuta. Nusrat alikuwa amejiandaa kujitetea na kumtetea. Anania hakumpa nafasi. Alivaa shati la kanisani, akasimama mbele ya watu wote.

"Mkuu, mimi sioni. Binti huyu ndiye aliyekuwa anaona. Kosa ni langu, nilificha."

Bwana Sedekia akamtazama. "Mzee Kalinga, huoni kabisa?"

"Nakuona umenenepa. Zaidi ya hapo sioni."

Mafundi wakacheka. Bwana Sedekia hakucheka. Akasema ataandika taarifa, tusubiri.

Jumanne, 17 Machi

Tunasubiri.

Jumapili, 22 Machi

Tunasubiri. Anania anakaa barazani, kapakata nyundo. Nakumbuka maneno ya Nusrat kuhusu baba yake, nakosa usingizi.

Jumatano, 1 Aprili

Jibu limekuja kwa simu ya stesheni. Nusrat ametoka ofisini mbio, kanga ya kichwa imeteleza, anapiga kelele "Mama! Baba!" hadi popo wakatoka chumba cha abiria.

Anania kapewa onyo kali, na ni haki yake. Njia haigusi tena. Lakini hafukuzwi. Atabaki stesheni, kwenye simu na kengele, mpaka siku ya kustaafu. Na lazima aende Mbeya kupimwa macho, hiyo ni amri. Nusrat naye kapewa onyo na pongezi, vyote kwa pumzi moja.

Anania akauliza, "Kengele nagonga mimi?"

"Wewe, baba."

Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlingoti, akaishika ile reli kwa mkono, hakuigonga. Alikuwa anaipapasa tu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Zamu za sahani zimepangwa upya. Nimejipa mbili.

Jumatano, 22 Aprili

Anania amepanda treni kwenda Mbeya. Watu wanasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, si jambo kubwa. Shemeji wa Nusrat atampokea. Mimi nilitaka kwenda naye, akakataa, eti nani atawapikia abiria. Nyumba ni kubwa mno leo.

Alhamisi, 30 Aprili

Jicho la kwanza wamefanya. Kwenye simu anasema limefungwa bandeji, hajui kitu. Mvua zimepungua, asubuhi kuna baridi. Mkagua njia mpya anatembea Lyangwe, na Nusrat anamfuata bado. Nikamuuliza kama naye haoni. Akasema, "Anaona, mama. Mimi ndiye nimezoea."

Jumamosi, 9 Mei

Leo karudi.

Tangu usiku sikulala, asubuhi nimepika na kuunguza, nimevaa gizani kwa haraka. Jukwaani tulijipanga kama kawaida, akina mama wote, mabeseni vichwani, kanga za kila rangi, ukitutazama kwa mbali hujui nani ni nani. Nilisimama katikati. Nilikuwa najiambia, nisitegemee sana. Labda ataona mlango tu, ataona sahani, inatosha. Atakaposhuka nitamshika mkono.

Treni ikatokea kwenye kona. Ilikuwa bado haijapunguza mwendo vizuri, nikaona kichwa kimechomoza dirishani, jicho la pili bado lina kitambaa cheupe. Kikageuka upande wa stesheni. Kikapita kwa Batuli, kikapita kwa wengine, kikasimama.

"Mama Lusia!" akapiga kelele, na jukwaa zima likamsikia. "Mama Lusia wee! Mbona umevaa kanga miguu juu? Maandishi nayasoma yamepinduka!"

Nikajitazama. Ile ya zambarau ya Krismasi, na kweli nimeigeuza, juu chini.

Watu wamenicheka mpaka abiria nao wakacheka bila kujua sababu. Nusrat alikuwa amesimama mlangoni na bendera ya kijani, na bendera ile kajifunikia uso. Mimi sikuigeuza kanga. Nimeshinda nayo hivyo hivyo siku nzima.